Siku Niliyomwonja Mtoto wa Watu

Afadhali niwasimulie mimi mwenyewe kabla hamjaipata kwa mama yangu, kwa sababu mama anauza mayai pale Kitengela na siku hizi kila trei anaitoa pamoja na kisa hiki, na mama akisimulia lazima aongeze chumvi, wakati kisa chenyewe kilikuja na chumvi yake ya kutosha. Naona aibu hadi leo. Naweza kuwa peke yangu jikoni naosha vikombe, nikikumbuka nafunika uso kwa kitambaa cha sahani, halafu nacheka humo humo ndani ya kitambaa. Basi sogeeni, na mkicheka chekeni kwa adabu, mimi ndiye daktari wenu wa kesho.

Nilikuwa mwaka wa tano wa udaktari, na darasa letu lilikuwa limegawanywa kwenye hospitali mbalimbali, sisi sita tukapelekwa Kajiado, wodi ya watoto, majuma manane. Majuma hayo yakiisha kuna mtihani wa kitandani. Mtihani wenyewe hauna karatasi: unapewa mgonjwa mmoja usiyemjua, unapewa saa moja ya kuongea naye na kumpima (au kuongea na mama yake, kama mgonjwa bado hajajifunza kuongea), halafu daktari mkuu anakuja na wenzako wote nyuma yake, unasimama miguuni pa kitanda na kueleza mgonjwa anaumwa na nini na wewe ungemfanyia nini. Kuna wanaouona kama mchezo. Mimi nilikuwa nimeanguka mtihani wa upasuaji muhula uliotangulia, na chuo kikanipa barua iliyosema waziwazi kwamba nikianguka mwingine wowote narudia mwaka mzima. Kurudia mwaka maana yake ni kuwatazama wenzako wakihitimu, wewe ubaki darasani na wale uliowaonyesha mahali pa kununua chapati. Na mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba bintiye anamaliza mwaka ujao. Kwa hivyo asubuhi hiyo niliamka na jambo moja tu kichwani, kwamba lazima nipite.

Daktari mkuu aliitwa Dkt. Akinyi, mama mfupi wa Kijaluo, mpole wa sauti, aliyekuwa Kajiado miaka mingi kiasi kwamba wagonjwa walimuuliza habari za ng'ombe wake kama vile anao. Alikuwa na sheria moja ambayo sisi wanafunzi tuliiogopa: mbele ya mzazi hakuna Kiingereza. Alisema mtoto ni wa mama yake kabla ya kuwa wa mtihani, kwa hivyo chochote unachosema juu yake kisemwe kwa lugha ambayo mama anaisikia. Akanikabidhi kitanda cha tisa, akaniangalia juu ya miwani, akaniambia, "Njeri, saa moja. Usikimbie."

Mimi nikasikia ile saa moja tu.

Kitanda cha tisa kilikuwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili na nusu, jina lake Lemayian, amelala chali na mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Ilikuwa mara yake ya pili kulazwa kwa kifua ndani ya mwezi mmoja. Alikuwa ameshatibiwa, anapumua vizuri, na mchana huo alitarajiwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, ng'ambo ya Isinya ndani ndani huko. Mama yake, Naserian, msichana wa rika langu, aliketi kando ya kitanda. Na kwenye benchi la dirishani aliketi nyanya wa mtoto, mama mkwe wa Naserian, shanga shingoni, shuka begani, na kikopo kidogo cha bati kikining'inia kifuani kwa mnyororo.

Mimi nimezaliwa Kitengela. Sisi ni Wakikuyu, lakini nimesoma na watoto wa Kimaasai tangu nasari, na najua vizuri kwamba mbele ya mzee unainamisha kichwa, yeye anakuwekea mkono utosini, anakuambia takwenya, wewe unaitikia iko, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza: nyumbani kuko vipi, watoto je, ng'ombe je, mvua imenyesha wapi na imekataa kunyesha wapi. Salamu ile si neno moja, ni safari. Nikaangalia saa. Nikapiga hesabu kwamba kokoo (ndivyo nyanya anavyoitwa kwa Kimaa) atanimalizia dakika kumi, na mimi niko na sitini tu, na kokoo mwenyewe si mgonjwa. Nikajiambia nitamsalimia nikimaliza. Hapo ndipo nilipokosea, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Kibaya zaidi, alikuwa ameshainua mkono. Aliniona ninakuja na koti langu jeupe, akanyoosha mkono kusubiri kichwa changu, na mimi nikapita chini ya ule mkono moja kwa moja hadi kitandani, mkono ukabaki hewani. Niliuona kwa pembe ya jicho. Akaushusha polepole, akafungua kikopo chake, akatia kitu mdomoni, akamwambia Naserian maneno mawili matatu ya Kimaa, na Naserian akaacha kutabasamu.

Kuanzia hapo kumtoa Naserian neno ilikuwa kama kukamua ng'ombe aliyekauka. Kila nikiuliza, kwanza anamtazama mama mkwe, halafu ananijibu kwa neno moja. Kikohozi kilianza lini? Kitambo. Homa ilikuwepo? Kidogo. Nikamuuliza mtoto anakula nini, akasema ananyonya. Nikamuuliza kama kuna kitu kingine chochote anachopewa, hata maji, hata dawa ya nyumbani. Akamtazama kokoo muda mrefu, kokoo akatazama nje ya dirisha, Naserian akasema tena, "Ananyonya." Nikaandika kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri: maziwa ya mama pekee.

Nikaenda kunawa mikono kwenye sinki ya mlangoni kabla ya kumgusa mtoto (usafi una alama zake). Nilipogeuka nikamwona kokoo ndio anarudi kuketi kwenye benchi lake, nikadhani alienda kumfunika mjukuu. Sikuuliza. Nikamsogelea Lemayian, nikampima kila kitu kuanzia utosi hadi kisigino. Paji lake la uso lilikuwa na majimaji, nikaandika: anatokwa na jasho jingi kichwani. Kifua kilikuwa karibu kisafi. Nikaanza kuogopa, kwa maana mtoto aliyepona hana cha kukupa alama, na nilitaka jambo la kumfanya Dkt. Akinyi ainue nyusi.

Nikafungua nepi.

Niwaombe radhi kama kuna mtu anakula. Choo cha yule mtoto kilikuwa kinang'aa, kinateleza kwa mafuta, unaweza kukaangia yai. Na mimi juma lile lile nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja kuhusu ugonjwa wa kurithi wenye jina refu la Kizungu, nadra sana kwa watu wetu, ambao mtoto anapata kifua mara kwa mara, choo chake kinakuwa cha mafuta, na jasho lake linakuwa na chumvi kupita kiasi. Kifua mara mbili, ninacho. Choo cha mafuta, hiki hapa. Jasho jingi, nimeliandika kwa mkono wangu. Kilichobaki kilikuwa chumvi tu, na pale chini ya ukurasa kulikuwa na mstari mdogo uliosema kwamba zamani, kabla ya vipimo, watu waliugundua ugonjwa huu kwa kumbusu mtoto usoni.

Naona mmeanza kuelewa. Subirini.

Naserian alikuwa ameinama chini ya kitanda anapanga nguo kwenye begi. Wenzangu walikuwa kwenye vitanda vyao. Nikainama juu ya Lemayian kama ninayemsikiliza pumzi, nikambusu paji la uso, halafu nikaona busu halitoshi kitaalamu, nikatoa ulimi. Chumvi. Si chumvi ya mchezo, chumvi ya kukunja uso, tena na uchungu nyuma yake. Nikarudia, maana sayansi ni kurudia, na mara ya tatu nilimlamba kabisa kutoka nyusi hadi nywele, kama paka na mwanawe. Lemayian akanitazama kwa utulivu mkubwa. Nilipoinua kichwa macho yangu yakakutana na ya kokoo, na kokoo alikuwa ameacha kutafuna.

Nikamtolea tabasamu la kitaalamu, nikakaa chini nikaandika.

Nilikuwa bado naandika mdomo ulipoanza kuwaka. Ulimi ukafa ganzi, mate yakajaa, kichwa kikawa chepesi, na kwikwi ikanishika. Nilikunywa maji, nikashika pumzi, nikahesabu hadi ishirini, kwikwi ikaja na nguvu mpya. Na hapo hapo nikaona Dkt. Akinyi anaingia na wenzangu watano nyuma yake, na Brayo, rafiki yangu wa tangu mwaka wa kwanza, akiwa mbele kabisa na ile sura yake ya kutafuta kitu cha kucheka.

Nilisimama miguuni pa kitanda, nikaanza. Huyu ni Lemayian, hik, mwenye umri wa miezi miwili na nusu, hik, amelazwa mara ya pili kwa tatizo la kifua. Dkt. Akinyi akaniuliza kama niko sawa, nikasema ni kwikwi tu daktari, nikaendelea. Na niwaambie ukweli, ukiondoa kwikwi nilieleza vizuri. Nilijenga hoja yangu tofali juu ya tofali, kifua, choo, jasho, nikafika kileleni, nikasema mbele ya watu wote kwamba mtoto huyu ana ugonjwa wa kurithi, ugonjwa wa maisha, kwamba mapafu yake yataendelea kuharibika kidogo kidogo, na kwamba asiruhusiwe kwenda nyumbani bali apelekwe Nairobi leo leo akatolewe damu na kupimwa jasho. Dkt. Akinyi aliinua nyusi. Ndicho nilichotaka, nami nikakipata, na furaha yangu ilidumu sekunde kama tatu.

Kwa sababu Naserian alikuwa ameacha zile nguo. Alisimama, akamchukua mtoto akamkumbatia kifuani, na mtu ambaye asubuhi nzima alinijibu neno moja moja akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Sasa huyu mtoto wangu atakufa?"

Nilifungua mdomo, ikatoka kwikwi. Sikuwa nimemfikiria kabisa, huo ndio ukweli. Sheria ya kutosema Kiingereza niliifuata kama sheria ya mtihani, nikatamka maneno mazito kwa Kiswahili kizuri mbele ya mama wa mtoto na kumsahau kwamba yupo. Machozi yakaanza kumtoka, yanaangukia kichwa cha Lemayian, na mimi nimesimama pale na daftari langu natamani sakafu ya wodi ipasuke inimeze. Kama hadithi ingeishia hapo nisingewasimulia kamwe.

Dkt. Akinyi hakunigombeza. Alimshika Naserian bega, akamwambia hakuna mtu atakayekufa leo wala kesho, aketi. Kisha akaniuliza mimi, polepole, nilijuaje kwamba jasho lina chumvi.

Nikasema nilionja.

Dkt. Akinyi akataka nirudie, huenda hakusikia vizuri. Nikasema nilimbusu, daktari, halafu, hik, nikamlamba kidogo. Mara ngapi? Mara tatu. Brayo alitoa sauti ambayo sijawahi kusikia binadamu akiitoa, akageukia ukuta.

Dkt. Akinyi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akaivaa, kisha akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia. Akaacha kitanda, akaenda hadi benchi la dirishani, akainama mbele ya kokoo, daktari mkuu mzima na mvi zake, akainamisha kichwa. Kokoo akamwekea mkono utosini, akamwambia takwenya, naye akaitikia iko kwa lafudhi yake ya Kijaluo, kokoo akacheka. Halafu wakaanza ile safari. Nyumbani, watoto, ng'ombe. Mvua imenyesha upande wa Magadi? Hapana, ilipita tu. Mbuzi je? Naserian alitafsiri pale Kimaa cha daktari kilipoishia, akiwa bado anafuta macho, na kila walipotulia kidogo kwikwi yangu ilijaza nafasi. Zilikuwa dakika sita. Najua kwa sababu nilitazama saa, na hata wakati huo nilikuwa bado sijajifunza.

Halafu Dkt. Akinyi akauliza kama mtu anayeuliza habari za jirani, huyu mvulana mzuri kokoo unamlisha nini mpaka akawa na nguvu hivi. Uso wa kokoo ukafunguka. Akavuta kikapu chake, akatoa chupa iliyofungwa kwa kitambaa, akaishikilia juu kwenye mwanga: mafuta ya kondoo. Kijiko kimoja asubuhi, kingine jioni, tangu wiki yake ya kwanza duniani, ili kifua kikae imara. Naserian akatafsiri akiangalia sakafu. Dkt. Akinyi akauliza anampaje, na kokoo akaonyesha kwa mikono: unamlaza chali hivi, anakataa, kwa hivyo unamfinya pua kidogo, akifungua mdomo unamimina.

Hata sisi wanafunzi tulielewa wakati uleule. Mtoto aliyefinywa pua analia, akilia anavuta pumzi, na akivuta pumzi mafuta hayaendi tumboni yote, mengine yanateremkia kwenye mapafu. Ndiyo kifua mara ya kwanza, ndiyo kifua mara ya pili, na yaliyofika tumboni ndiyo yale niliyoyakuta kwenye nepi. Jibu la mtihani wangu lilikuwa limeketi dirishani asubuhi nzima na chupa kwenye kikapu, likisubiri kusalimiwa. Na Naserian hangeweza kulisema yeye, maana mambo ya mama mkwe hayasemwi na mke wa mtoto wake kwa mgeni, hasa mgeni aliyeingia bila salamu.

"Na chumvi?" akauliza Dkt. Akinyi.

Kokoo alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaongea kwa kirefu, na kadiri alivyoongea ndivyo mabega ya Naserian yalivyoanza kutikisika, nikadhani analia tena, kumbe ni kicheko alichokuwa anakizuia. Akatafsiri kwamba kokoo alimwona msichana ameingia, hakusalimia mtu, na sasa anataka kumshika mjukuu wake, na mtu asiyesalimia nani ajue ana nini moyoni. Kwa hivyo msichana alipokwenda kunawa mikono yeye aliinuka akamtemea mtoto mate ya baraka usoni, ili asidhurike. Mate mengi, kwa sababu wasiwasi ulikuwa mwingi. Na mdomoni alikuwa na tumbaku yake, ile ya kusagwa na chumvi ya magadi.

Naserian akavuta pumzi amalizie. "Anasema, kama daktari alikuwa anataka tumbaku angeomba tu. Yeye hangemnyima."

Sijui nani alianza. Nadhani ni nesi aliyekuwa anapanga dawa kwenye toroli, aliyeketi chini kabisa, halafu Brayo, halafu akina mama wa vitanda vyote, halafu Dkt. Akinyi mwenyewe, aliyecheka bila sauti huku ameshika nguzo ya kitanda. Naserian alicheka na machozi bado yako mashavuni. Lemayian alishtuka, akatutazama, akaamua kutabasamu na yeye. Na mimi nikicheka kwikwi inanikata, nikikatwa wao wanaongeza, mpaka mbavu zikaniuma.

Kicheko kilipoisha Dkt. Akinyi akamweleza kokoo kuhusu mafuta na mapafu, bila haraka, na kokoo akasikiliza huku akiigeuzageuza ile chupa. Akauliza swali moja tu, na Naserian alisita kabla ya kulitafsiri. Kokoo alikuwa anauliza kama ni yeye aliyemfanya mtoto augue.

Dkt. Akinyi alichukua mikono yake miwili. Akamwambia, "Kokoo, wewe ndiye uliyemleta hapa mara zote mbili. Wengine wangengoja."

Kokoo akamkabidhi ile chupa. Akasema (Naserian akatafsiri) kwamba basi mafuta yatapikiwa wazazi, wao vifua vyao vimeshakomaa. Kuhusu tumbaku walikubaliana kwamba baraka itaendelea, ila mdomo usukutuliwe kwanza.

Mimi nilikuwa nimeanza kukusanya vitu vyangu. Hesabu yangu ilikuwa imeshafika kwenye kurudia mwaka, na nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mama. Dkt. Akinyi akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia nimeanguka, daktari. Akasema mtihani una saa moja na yeye alikuja mapema, zimebaki dakika kumi na tano. Akanyoosha kidole mlangoni. "Toka nje, uingie tena."

Nikatoka. Nikasimama kwenye korido na kwikwi yangu, nikavuta pumzi, nikaingia tena wodini mbele ya watu waliokuwa bado wanafuta macho. Nikaenda moja kwa moja dirishani, nikapiga magoti, nikainamisha kichwa. Kokoo hakuharakisha. Aliniacha nimeinama mpaka shingo ikaanza kulalamika, na nilistahili, halafu nikausikia mkono wake utosini, mzito, wenye joto. Takwenya. Iko. Aliniuliza kupitia Naserian nimetoka wapi, wazazi wazima, tuna ng'ombe wangapi. Nikamwambia tuna kuku tu, kokoo, kuku wa mayai, Kitengela. Akanisikitikia kwa dhati. Kisha, bila mimi kuuliza, akanieleza kila kikohozi cha Lemayian, siku kilipoanza, saa kinapozidi, kinavyokuja baada ya kijiko cha jioni, kila kitu, nami niliandika mpaka mkono ukachoka. Naserian akaongeza yake. Nikasimama nikaeleza upya, kwa dakika nne, ugonjwa wa kawaida kabisa wenye sababu ya kawaida kabisa. Nikamgeukia Naserian, nikamwomba msamaha kwa kumtisha. Hiyo haikuwa na alama, niliisema kwa sababu ilikuwa inanikaa kooni kuliko kwikwi.

Dkt. Akinyi aliandika kwenye fomu yake akaniambia nimepita, pembamba kama karatasi, lakini nimepita. Akaongeza kwamba amefundisha wanafunzi wengi, na wengi wao hukosea, ila hakuna kitabu hata kimoja kinachosema urudie mara tatu.

Jumapili nilienda nyumbani Kitengela, nikamsimulia mama nikidhani nitapata faraja. Alicheka mpaka kuku wakanyamaza. Alipomaliza akafuta macho kwa leso akaniambia nisiwaone watu wa Isinya ni wa ajabu, kwa maana mimi mwenyewe cucu wangu, nyanya yangu wa Kiambu, alininywesha mafuta hayohayo ya kondoo, kijiko asubuhi na jioni, ndiyo maana nilikohoa mpaka nikaingia nasari. Kesho yake mama alianza kuwasimulia wateja.

Miezi miwili baadaye nilikuwa kliniki ya kupima watoto, nimerudishwa kule kule Kajiado kwa mafunzo mengine, foleni ya akina mama imefika mlangoni, nikamwona Naserian na kokoo. Kokoo alipaza sauti yake kabla hata hajanifikia, na foleni nzima ikageuka kunitazama, na wale wanaojua Kimaa wakaanza kuwatafsiria wasiojua kwamba huyu ndiye yule daktari aliyemwonja mtoto. Masikio yaliniwaka. Lakini niwaambie kitu cha ajabu, kuanzia siku ile akina mama hawanifichi neno. Nadhani mtu aliyeaibika mbele yako humwogopi tena.

Nilimsalimia kokoo kwanza, safari yote, hadi mbuzi. Kisha nikampokea Lemayian. Alikuwa amenenepa hadi vifundo vimepotea, ananishika pua, ananivuta. Nikakipasha joto kile chuma cha kusikilizia kiganjani mwangu, nikakiweka kifuani, mbele, nyuma, kushoto, kulia, na nikasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia isipokuwa hewa, inaingia, inatoka. Naserian alikuwa ananitazama mdomo. Nikamwambia kifua ni kisafi kabisa, mama Lemayian, na safari hii nilitazama uso wake nikiwa nasema, nikaona maneno yangu yanavyofika. Nilifurahi kuliko siku niliyopata barua ya kuitwa chuoni.

Kwa hivyo chekeni. Mimi nimeshaapa: mtoto wa mtu simlambi tena, hata kitabu kikiniamuru kwa herufi kubwa. Na nikikuta mzee chumbani, mgonjwa awe nani, mtihani uwe gani, naanza na mzee, na saa naiweka mfukoni.